KABLA YA KUFUNGA MFUKO: AMANA ZA WATU SIKU YA KUONDOKA NYUMBANI

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.



Hapa Uvira ni nadra kukuta nyumba isiyo na mfuko. Kwa mmoja ni kigunia cha mchele, kwa mwingine ni sanduku la bati, kwa mwingine ni kitenge kilichofungwa ncha nne na kuwekwa chini ya kitanda. Ndani mna sufuria moja, blanketi, kadi ya kuchagua, vyeti vya shule vya watoto, kipande cha sabuni, na franga kidogo zilizoshonewa kwenye pindo. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kuufunga. Tumefundishwa na miaka: 1964, 1996, 1998, 2004, 2017, na mwisho Desemba 2025, M23 walipoingia mjini na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Hata maji yamewahi kututoa majumbani. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika usiku, wako waliotoka bila mfuko wala viatu, wakalala chini ya turubai miezi na miezi.

Safari hizi zina tabia moja. Anayeondoka husema, "Ni siku tatu tu, hali itatulia." Mama anaacha maharage yamelowekwa. Mzee anafunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni. Kisha siku tatu zinakuwa mwaka, na mwaka unazaa miaka. Kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa Novemba 1996 kwa ajili ya watu waliotoka huku kwetu. Wamezaliwa watoto pale, wakaoa pale, wakazaa pale, na Uvira wanaijua kwa kusimuliwa. Lugufu ilifunguliwa 1997 ikafungwa 2009, na waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu, yaani walihama kutoka katika uhamaji. Wale wa Desemba 2025 wengi walipelekwa Busuma, upande wa Ruyigi, na huko nako maisha yalianza kwa turubai na foleni ya maji.

Basi mwenye akili hajiandai kwa siku tatu. Hujiandaa kwa safari asiyoijua mwisho wake. Swali letu la Ijumaa hii ni hili: kujiandaa huko ni nini? Je, ni sufuria na blanketi peke yake? Na je, vita vinapokuja, haki za watu zilizo mikononi mwetu zinafutika?

Kwanza tuliondoe jambo moja haraka. Wako ndugu wanaosema kwamba kufunga mfuko mapema ni udhaifu wa tawakkul, na kwamba Muumini humwachia Allah. Hao wasome habari za Hijra. Sayyidna Abubakar (R.A.) aliwalisha ngamia wawili miezi minne nyumbani kwake akingoja ruhusa ya kuondoka. Chakula kiliandaliwa, na Asma binti Abubakar alipokosa kamba alipasua mshipi wake akakifungia. Kiongozi wa njia aliajiriwa kwa ujira, naye hakuwa Mwislamu bali alikuwa mtu anayeijua njia na kuaminika kwa siri. Na Mtume (S.A.W.) hakumpanda ngamia yule mpaka akakubaliana na rafiki yake kumlipa thamani yake, ingawa rafiki alitaka kumpa bure. Katika Suratul-Baqara aya ya 197 Waumini wameamrishwa kuchukua masurufu, na Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kuwa watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija mikono mitupu wakidai kumtegemea Allah, wakifika Makka wanaomba watu. Hilo limekwisha.

Lakini katika usiku ule wa Makka liko jambo kubwa kuliko ngamia, nasi hulipita mbiombio tunaposoma Maulidi.

Makuraishi walikuwa wamekubaliana kumwua Mtume (S.A.W.). Walichagua kijana mmoja mmoja kutoka kila ukoo ili damu yake igawanyike na Bani Hashim washindwe kulipa kisasi. Vijana hao walikuwa mlangoni na panga zao. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo mlikuwa na mali zao! Watu wa Makka walimkataa dini yake lakini hawakupata mtu mwingine wa kumwamini kwa fedha na vito vyao. Walimwita mwongo mchana, wakampelekea amana zao.

Ndugu yangu, jiweke mahali pale. Unafukuzwa katika mji uliozaliwa. Mali ya maskini walioamini imechukuliwa, wengine wameteswa, wengine wameuawa. Unakwenda ugenini, huna kitu, na unao masahaba watakaofika Madina bila shamba wala kondoo. Mkononi mwako umeshika mali ya wale wale wanaokuwinda. Nani kati yetu asingesema kwamba hii ni ngawira, fidia ya nyumba yangu waliyonilazimisha kuiacha?

Mtume (S.A.W.) alimwacha binamu yake, Ali bin Abi Talib (R.A.), kijana ambaye maisha yake yalikuwa na thamani kuliko dhahabu yote ya Makka, akalala katika kitanda kinachovamiwa, na akabaki siku tatu akimrudishia kila mtu chake. Ndipo naye akafuata, na imepokewa kuwa alikwenda kwa miguu hadi Quba, miguu ikavimba. Hayo ndiyo maandalizi ya safari. Kabla ya kutazama unachobeba, tazama ulichoshika kisicho chako.

Sasa turudi kwetu. Amana za Uvira si vito. Ni fedha za likelemba zilizo kwa mweka hazina, zamu ya mama fulani imefika lakini hajapewa. Ni kitambaa cha mteja kwenye meza ya fundi cherehani. Ni simu kumi na mbili zinazochajiwa kwenye kibanda. Ni nyavu za mwenzako zilizoanikwa uani kwako hapa Kalundu, ndagala wakiwa bado hawajauzwa. Ni mbuzi wa yatima. Ni karatasi ya parseli uliyopewa uifiche. Ni ufunguo. Na siku milio inaposikika upande wa Sange au Makobola, fundi anakimbia na vitambaa vya watu, mwenye kibanda anakimbia na simu za watu, na mweka hazina wa likelemba anafika Gatumba akiwa na fedha za wamama ishirini. Hapo ndipo dini ya mtu inapojulikana, si pale mbele katika safu ya kwanza.

Na iko amana ngumu kuliko zote. Ni ile ya jirani ambaye jana alikuwa jirani na leo mtaa mzima unamwita adui.

Ndugu zangu, hapa nitasema jambo langu mwenyewe, kwa sababu nimeona si haki kuwahukumu watu nikiwa nimejificha nyuma ya kalamu. Mwezi wa tisa 1996 jirani yetu alikuja usiku akapita nyuma, kwenye uzio wa miyaa. Alikuwa Munyamulenge, Mkristo, na mwezi ule mjini mwetu neno hilo la kwanza lilitosha kumpoteza mtu. Alinipa mkebe wa maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na dola sitini na karatasi ya parseli yake. Akasema, "Mdogo wangu, nishikie. Nitarudi wiki mbili." Nilimwapia kwa Allah. Mwezi uliofuata vita vikatufikia sisi wengine. Tukaondoka kwa miguu kwenda kusini, Makobola, Mboko, hadi Baraka, tukapata boti ya kwenda Kigoma. Mkebe nilikuwa nao.

Njiani marehemu mama yangu aliujua ule mkebe ni wa nani. Akaniambia neno ambalo wengi walilisema siku zile, kwamba watu wake ndio waliotutoa nyumbani, basi hicho ni halali yako. Sikumjibu, maana ni mama. Lakini tulipofika kambini, mvua ya Kasulu ikitunyea na turubai moja kwa watu saba, nilitoa dola kumi nikanunua blanketi mbili. Baadaye nikatoa nyingine. Mwisho nikachukua zote nikaanza biashara ya chumvi na ndagala wakavu. Karatasi tu ndiyo niliyoihifadhi. Sikusema nimeiba. Nilisema nimekopa, na kwamba mwenyewe huenda amekufa, na kwamba hata wao wamekula vya kwetu. Angalieni jinsi nafsi inavyobadilisha majina ya vitu!

Je, sheria inasemaje? Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wameieleza mas'ala ya mwenye amana anayetaka kusafiri, tena kwa urefu, kana kwamba waliwaona watu wa bonde la Ruzizi. Akitaka kuondoka, humrudishia mwenyewe. Asipompata, humpa wakili wake. Asipopatikana, humkabidhi kadhi, na asipokuwapo kadhi, humpa mtu mwaminifu anayebaki mjini. Haruhusiwi kusafiri nayo kwa hiari yake, kwa kuwa safari ni hatari, na akifanya hivyo ikapotea, atalipa. Lakini ukitokea moto au uporaji, na hakuna wa kumwachia, basi aende nayo, na hilo ndilo analotakiwa. Ikinyang'anywa njiani kwa nguvu, bila uzembe wake, hana deni.

Na iko nukta moja inayotuhusu sana sisi tunaozika vitu uani. Wamesema kwamba mwenye kuizika amana ardhini kisha akasafiri bila kumjulisha mtu mwaminifu anayekaa mahali hapo, huyo ni mzembe na atalipa. Wangapi kati yetu wamezika sufuria za watu, mabati ya watu, hata fedha za watu, wakafia ugenini na siri yao? Ardhi ya Uvira imeficha mengi ambayo watoto wa wenyewe wanapita juu yake kila siku.

Ama njaa, sheria haina ukatili. Mwenye kufikia dharura ya kweli, anayeogopea uhai wake au wa mtoto wake, anaweza kula katika mali ya mwenzake kiasi cha kuondoa dharura. Lakini dharura haifuti haki ya mtu. Kilichobadilika ni kwamba amana imekuwa deni. Blanketi zile mbili za mvua ya kwanza, natumaini Allah atanipokelea udhuru. Chumvi na ndagala sina udhuru nazo. Ile ilikuwa biashara.

Na hoja ya "wao wamekula vya kwetu"? Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ameamuru kwamba mtu amrudishie amana aliyemwamini, wala asimhini hata yule aliyemhini yeye. Amri hiyo haikubagua dini wala kabila. Na tafsiri nyingi zimeieleza aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, ile ya kurudisha amana kwa wenyewe, kwa habari ya ufunguo. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra, ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa mkononi mwa Mtume (S.A.W.) mshindi, na walikuwapo jamaa zake walioutaka. Aliurudisha kwa Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ndio ulioushika tangu zamani. Ikiwa ufunguo wa nyumba ya Allah ulirudi kwa mwenye haki nao, mimi na wewe tuna ujasiri gani wa kukaa na ufunguo wa nyumba ya jirani kwa sababu ya lugha anayoongea? Sikusudii kuhesabu hapa nani aliua nani. Makobola ina makaburi yake, mwisho wa 1998. Gatumba ina makaburi yake, Agosti 2004. Kila upande unaweza kuleta orodha. Lakini mtu aliyekupa mkebe alikupa wewe, na atakudai wewe.

Liko na jambo la wanaobaki. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipoondoka alichukua fedha zake zote, dirhamu kama elfu tano au sita, kwa ajili ya safari ya Mtume (S.A.W.). Baba yake, Abu Quhafa, mzee kipofu, akaingia akalalamika kuwa mwanawe amewaachia msiba wa nafsi yake na wa mali yake. Asma akachukua mawe, akayaweka katika tundu la ukuta ambamo baba yake aliweka fedha, akayafunika nguo, akaushika mkono wa babu yake na kumwekea juu. Mzee akatulia. Asma mwenyewe baadaye alisimulia kwamba hakuachwa na kitu, ila alitaka kumtuliza mzee. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara naona uzito wake uko kwa yule binti aliyebaki na mawe. Wale walibaki katika mji wao, kati ya jamaa zao, na ndugu yao Abdullah alikuwapo. Asiichukue habari hii kuwa hoja yule anayemfungia nyumba bibi asiyeweza kutembea, akavuka Kavimvira na fedha yote. Ametahadharisha Mtume (S.A.W.) kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi kuwapoteza wale anaopaswa kuwalisha. Asiyeweza kutembea apangiwe mapema: nani atambeba, kwa baiskeli ya nani, na kama habebeki, nani anabaki naye na anaachiwa nini. Jambo hili lisemwe mezani siku ya amani, mzee mwenyewe akisikia na kutoa rai yake. Siku ya milio hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Nirudi kwenye mkebe. Mwaka 2007 nilirudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, kisha Uvira. Nilianza kumtafuta jirani. Sitasema nilimtafuta kwa bidii tangu siku ya kwanza, kwa sababu sikuwa na dola sitini, na asiye na fedha hutafuta polepole. Nilipozipata nikaambiwa amefariki ugenini kwa maradhi. Nikampata mwanawe, mtu mzima, ana watoto. Nikampa dola sitini na karatasi, na juu yake nikaongeza kitu. Niliikumbuka hadithi ya watu watatu waliofungiwa pangoni, mmoja wao akiwa ameukuza ujira wa kibarua aliyeondoka, na kibarua aliporudi akakabidhiwa kundi zima la mifugo. Langu halikufika kundi.

Kijana alihesabu fedha, akaikunjua karatasi, akaisoma kwa muda mrefu. Akaniambia, "Baba alipoitaja Uvira, alikutaja wewe kwanza." Nikauliza alisema nini. Akasema, "Kwamba ulimwapia." Alipokea, akanisindikiza hadi barabarani, akanitakia safari njema. Neno la msamaha hakulitamka, na mimi sikupata uso wa kuliomba. Yule wa kuombwa alikuwa amekwisha kuzikwa.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Siku mbili! Nasi tunaoishi kati ya mlima na ziwa, tukiwa na njia tatu tu za kutoka, tunalala miaka. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ile ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ni ya kuandika madeni. Basi katika mfuko ule wa chini ya kitanda, kabla ya sufuria, liwemo daftari dogo ndani ya plastiki: nimeshika nini cha nani, nadaiwa kiasi gani na nani, nani ananidai mahari, vitu vya watoto yatima viko wapi, na kilichozikwa kimezikwa hatua ngapi kutoka mti gani. Mke na mtoto mkubwa wajue lilipo. Nakala ikae kwa mtu wa mtaa mwingine, kwa sababu mtaa mmoja hukimbia pamoja. Jina la mwenye mali liandikwe kamili, awe Mfuliru, Muvira, Mubembe, Munyamulenge au Mrundi, na kabila lake lisiandikwe, kwa kuwa daftari linaweza kuangukia mkononi mwa mtu wa kizuizini na likamdhuru.

Wasiojua kuandika wasione haya. Kuanzia Ijumaa hii, baada ya Swala, walimu wawili wa madrasa watakaa barazani na kalamu. Kina mama wataandikiwa upande wao na mwalimu wa kike. Hakuna malipo, na aandikiwaye ataondoka na karatasi yake, hatutabaki na nakala ila kwa idhini yake. Wenye kushika fedha za likelemba tunawaomba watangulie.

Allah atusamehe tuliyoyala ya watu, awarehemu waliokufa wakitudai, na awarudishe salama walio chini ya turubai. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ukimaliza kusoma mpe mwenzako. Karatasi hii ina majina ya Allah, tafadhali usiitupe wala usifungie bidhaa.